Juma wa Kwenye Kamusi

Leo nimeaibika mpaka kivuli changu kimekataa kunifuata.

Naandika haya nikiwa Kayanga, kwenye benchi nje ya chumba ninachopanga. Bado nimevaa koti la kuazima. Tumboni nina punje za kahawa nilizozimeza bila kuzitafuna. Nisomeni polepole, maana hata mimi sijaamini.

Leo ilikuwa siku ya kujitambulisha kwa kina Koku, kule Igurwa. Koku ni yule ambaye akicheka, hata migomba hugeuza majani kumsikiliza. (Nivumilieni. Mimi ni mtu wa riwaya.) Wazazi wake nilikuwa nimewaona kwa mbali tu, kanisani na gulioni. Mengine yote kuwahusu nilisimuliwa na Koku mwenyewe, na hapo ndipo msiba ulipoanzia, lakini tusikimbie.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Naenda, wananitazama, wananipima, wanasema ndiyo au hapana. Wakisema ndiyo, tunapanga mahari. Wakisema hapana, narudi nyumbani Nyabiyonza kulima maharage na kutunga mashairi ya huzuni.

Mshenga wangu alikuwa Ta Sospeter (Ta ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima), jirani yetu Nyabiyonza, mtu ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno. (Hajawahi mpaka leo.) Tulipokuwa tunapanda kilima kuelekea kwao, akanipa sheria.

"Kijana, unanisikia? Ukikaribishwa kahawa ya kutafuna, pokea kwa mikono miwili. Ukipewa kiti, kalia ukingoni. Sahani ya ndizi usiisafishe kama umetoka jela."

"Ndiyo, Ta."

"Na mama mkwe hatajwi jina. Hata siafu wakikuingia kwenye suruali, usimtaje."

"Sasa nitamwitaje?"

"Mama. Na ukiweza, usimwite kabisa."

Mnaotoka huku mnajua. Kwetu, mkwe kumtaja mama mkwe kwa jina lake ni kama kumvua kitambaa cha kichwa mbele ya watu. Kwa hiyo hata hapa sitalitaja. Nitamwita Ma Nanihii. (Leo jina lake limetajwa vya kutosha. Mtaona.)

Kabla hatujafika, simu yangu ikalia. Alikuwa Avitus, rafiki yangu, fundi wa programu za kompyuta.

"Deo! Watu wanaipenda! Wenye programu za wanafunzi wameshaipachika!"

Hapa lazima nisimame kidogo, la sivyo hamtaelewa kilichoniua. Avitus ametengeneza kifurushi cha kamusi ya Kiingereza. Si kitu unachokifungua wewe kwenye simu. Ni kifaa cha mafundi wenzake: fundi anayetengeneza programu yake anakichukua bure, anakipachika ndani, na mtumiaji akiuliza neno la Kiingereza, kifurushi ndicho kinachojibu. Ni kama jiwe la kusagia. Kwenye uji hulioni, lakini bila hilo hunywi uji.

Kifurushi kilikuwa na maana tu, hakikuwa na mifano. Avitus akaniomba nimwandikie mifano kwa Kiswahili, ili hata mtu wa Nyakakika aliyeishia darasa la saba aelewe. Nilikubali kwa moyo wote. Lakini mimi nitaandika "Juma anakula ugali"? Mimi? Nilitaka sentensi zenye damu! Nikaandika watu ninaowajua, kwa majina yao, maana sentensi bila mtu halisi haipumui.

Nilimwuliza Avitus, "Na haya majina?"

"Usijali. Nitayapitisha kwenye kichujio. Kila jina la mwanamume litageuka Juma, kila la mwanamke litageuka Asha."

"Kichujio kinayajua majina yote?"

"Nimekipa orodha ya majina ya dunia nzima."

Dunia nzima! Nikalala usingizi mzuri.

Basi tukafika. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni kwa heshima yetu, zinanukia kama asubuhi ya kwanza ya dunia. Tukasalimu shikamoo kila upande. Kwenye kochi kubwa alikaa Ta Paulo, baba yake Koku, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Pembeni yake alikaa Shangazi Odilia, dada yake, muuguzi mstaafu. Na kwenye kiti kilichoutazama mlango, Ma Nanihii, mkimya kabisa, ananitazama. Koku alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, kama mila inavyotaka. Chini ya pazia niliona vidole vya miguu yake vikicheza. Nikapata nguvu.

Kahawa ikaja kwenye kikapu kidogo. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikakaa ukingoni. Mambo yananyooka!

"Kijana anafanya kazi gani?" Ta Paulo akauliza.

"Anaandika," akajibu Ta Sospeter.

"Anaandika wapi? Halmashauri?"

"Anaandika vitabu."

"Vya shule?"

"Hapana. Vya... vya watu."

"Watu gani?" Lilikuwa neno la kwanza la Ma Nanihii.

Ta Sospeter akaona tunazama, akatupa kamba. "Na kamusi! Ameandika kamusi ya Kiingereza, iko ndani ya simu!" (Uongo mtupu. Niliandika mifano tu.)

Shangazi Odilia akapiga kofi pajani. "Kamusi ya Kiingereza, yenye mifano ya Kiswahili? Mbona ninayo! Nimewekewa juzi kwenye programu ya masomo. Ndiyo kwanza nasoma herufi A."

Sikutegemea hilo. Lakini moyo ulifurahi, nisiwadanganye. Mwandishi gani hafurahi kumkuta msomaji wake ukweni?

"Hebu tafuta 'harvest'," Ta Paulo akasema. "Tuone kama inajua kuvuna."

Shangazi akabonyeza. Miwani alikuwa ameisahau kwake, kwa hiyo akagusa alama ya kusoma kwa sauti. Sauti ya mwanamke wa mashine ikasoma maana kwa Kiingereza, kisha mfano, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza lugha ndani ya kopo:

"Asha alichuma kahawa alfajiri, na umande ukamwosha miguu kabla jua halijaamka."

"Eee!" Ta Paulo akaegemea nyuma. "Umande ukamwosha miguu! Haya ni maneno ya mtu mwenye akili."

Ta Sospeter akanikonyeza. Vidole vya Koku vikacheza ngoma nzima. Na mimi nikafurahi mara mbili, kwa sababu huyo Asha nilimwandika kwa jina la Yustina, jirani yetu. Kichujio kimefanya kazi! Nikarusha kahawa mdomoni kwa raha zangu.

Ndipo Ma Nanihii akatabasamu. Kidogo. Upande mmoja.

"Nitafutieni na mimi," akasema. "'Mother-in-law'."

"Mama anajitafuta!" Ta Sospeter akacheka, na sebule nzima ikacheka, na mimi nikacheka, japo nilikumbuka nilichoandika pale. Lakini si limechujwa? Itakuwa Asha fulani tu.

Mashine ikasafisha koo lake la chuma.

"Juma anamwogopa mama mkwe wake mtarajiwa, Ma Nanihii wa Igurwa, mwenye macho yanayomenya ndizi bila kisu."

Jamani. Jamani! Haikusema Nanihii. Ilisema jina lenyewe! Kiswahili kingine chote ilikitamka kama Mzungu aliyeshuka jana, lakini jina hilo ililitamka safi, kila herufi, kama kengele ya kanisa.

Nikameza kahawa nzima nzima.

"Rudia," Ma Nanihii akasema.

(Rudia!)

Shangazi akarudia. Jina likapita tena sebuleni, likazunguka, likaketi kwenye kochi.

Ta Sospeter akainuka nusu. "Simu ndiyo imetaja! Mmeona wote! Kijana wangu hajafungua mdomo!"

"Simu imefundishwa na nani?" Ma Nanihii akamwuliza, macho bado yako kwangu.

"Na... na Wazungu."

"Wazungu wa wapi wanaonijua mimi wa Igurwa?"

Ta Sospeter akakaa. Ndiyo mara ya kwanza namwona akikosa neno.

Wakati huo Shangazi Odilia alikuwa amegundua jambo ambalo hata mimi sikulijua: kwamba ukiandika jina la mtu kwenye kisanduku cha kutafutia, kamusi inakuletea kila sentensi yenye jina hilo. Akaliandika. Na zikashuka kama mvua ya masika.

'Formidable', yaani wa kuogofya: "Jogoo wa jirani akimwona Ma Nanihii huahirisha kuwika."

'Snore': "Ma Nanihii alikoroma ibadani mpaka mchungaji akafupisha mahubiri."

'Bargain': "Ma Nanihii alipatana bei ya dagaa mpaka muuzaji akaomba arudishwe kwao Kyerwa."

Hapo Ta Paulo akashindwa kujizuia. Alicheka. Alicheka huku akijipiga goti. "Hiyo ya dagaa ni kweli! Nilikuwepo! Yule mtu alikaa chini!"

"Unacheka?" Ma Nanihii akamgeukia.

"Sicheki, Mama Koku. Nakohoa."

Nikaona mwanga mdogo. Baba akicheka, huenda nikapona. Nikafungua mdomo kuomba msamaha. Lakini Shangazi alikuwa na kidole kwenye alama ya sauti na hakuna nguvu duniani ingemtoa.

'Affection', yaani upendo: "Kila jioni Juma humkanda Ma Nanihii miguu kwa maji ya moto na kumwita ua langu la kahawa."

Kicheko cha Ta Paulo kilikatika kama kamba ya ndoo.

"Juma nani?" akauliza.

Akamgeukia mkewe.

"Mama Koku. Juma ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Mwulize mwenye kamusi!"

"Ni Juma fundi bati? Yule aliyeshinda hapa wiki nzima?"

"Alishinda juu ya paa, baba Koku! Mimi nilikuwa chini!"

"Na hiyo miguu aliikandia wapi?"

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilishajua kilichotokea, kiliniingia kichwani kama msumari. Majina ya ubatizo yote yalikuwa yamechujwa: Paulo, Yustina, hata langu. Majina ya kwetu, yale wanayotoa bibi zetu na ambayo hayamo kwenye orodha yoyote ya dunia nzima, yalipita kwenye kichujio bila kuguswa! Ta Paulo aligeuka Juma. Mkewe alibaki vilevile.

"Mzee," nikasema, "Juma ni..." Nikapaliwa na punje ya kahawa.

"Ni nani? Sema!"

Badala yangu ikasema mashine. 'Bridegroom':

"Juma ndiye bwana harusi wa Koku, na siku hiyo Ma Nanihii atalia kuliko wote."

Ma Nanihii akasimama. Nyasi zikalia chini ya miguu yake.

"Yaani huyo Juma, jioni anikande miguu mimi, halafu amwoe binti yangu?"

"Mungu wangu!" Shangazi Odilia akaidondosha simu kana kwamba imemuuma.

Nikamtazama mshenga wangu, mtetezi wangu, mtu aliyenishika ubatizoni. Alikuwa anasogeza kiti chake taratibu kuelekea mlangoni.

"Kwa kweli," akasema Ta Sospeter, "kijana huyu nimemfahamu juzijuzi tu."

Ndipo pazia likafunguka. Koku! Mila inasema asitoke mpaka aitwe. Alitoka bila kuitwa, akasimama katikati ya sebule.

"Baba! Juma ni wewe!"

"Mimi ni Juma tangu lini?"

"Mashine imebadilisha majina! Wewe ndiye unayemkanda mama miguu! Wewe ndiye unayemwita ua langu la kahawa! Na bwana harusi ni Deo!"

Nilidhani nimeshaiona aibu. Sikuwa nimeiona. Aibu yenyewe ni ile ya mzee wa kanisa ambaye siri yake ya jioni imesomwa na mashine mbele ya wageni, ikathibitishwa na binti yake.

Shangazi Odilia akamgeukia kaka yake polepole. "Paulo. Wewe? Unakanda miguu?"

"Ni... ni ushauri wa daktari."

"Na ua la kahawa? Nalo ni la daktari?"

Jikoni, nyuma, wanawake waliokuwa wanamenya ndizi walipasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mmoja alikuwa anapiga sufuria. Ta Paulo akachukua kofia yake, akaivaa, akaivuta mpaka puani, humohumo ndani ya nyumba.

Lakini Ma Nanihii hakucheka. Alimtazama Koku, akanitazama mimi, akamtazama tena Koku.

"Na huyu," akauliza taratibu, "mambo ya miguu yangu aliyajuaje?"

Koku akatazama nyasi. Na mimi nikatazama nyasi. Nzuri sana zile nyasi. Nilizikariri jani kwa jani.

Tulipewa chakula. (Kwao mgeni hafukuzwi akiwa na njaa.) Ndizi zilikuwa laini kama wimbo. Kila nikiinua tonge nayakuta yale macho, na nakuhakikishieni, sikutia chumvi. Ndizi inaweza kumenyeka.

Mwishoni Ma Nanihii akatoa hukumu, akimwambia Ta Sospeter kana kwamba mimi ni mzigo alioubeba.

"Tumewasikia. Jibu hamtapata leo."

"Lini, mama?"

"Siku kila mtu atakaporudishiwa jina lake. Siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu ambaye hata kamusi yake mwenyewe haimjui."

Nitabishaje? Ndiyo sentensi bora iliyotamkwa leo, na si mimi niliyeitunga.

Wakati tunatoka, Ta Paulo alinifuata mpaka kwenye migomba. Akatazama nyuma kwanza.

"Kijana. Ondoa zote."

"Ndiyo, mzee."

"Ile ya dagaa iache."

Nikampigia Avitus hapohapo njiani. Sitaandika nilichomwita. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Duh," akasema. "Kumbe kichujio kilidhani Ma Nanihii ni kitu. Kama meza."

"Meza! Rekebisha!"

"Narekebisha sasa hivi, Deo. Jioni toleo jipya litakuwa tayari. Ila walioipachika ile ya zamani, mpaka waamue wenyewe kuibadilisha. Na mwenye simu naye akubali kupakua upya."

Ujumbe wa Koku umeingia punde tu. Anasema mama yake hamsemeshi, lakini amemwona akitabasamu peke yake alipokuwa anateka maji. (Nimeusoma mstari huo mpaka skrini imepata moto.) Anasema dukani wameshaanza kumwita baba yake Juma. Anasema Juma fundi bati, yule wa kweli, amesikia habari na ameondoka na pikipiki kwenda Kyerwa bila kuaga. Na Shangazi Odilia amekataa katakata kupakua toleo jipya. Anasema bando lake si la kuchezea, na kwamba hajawahi kuona kamusi tamu kama hii, na ndiyo kwanza ameingia herufi B.

Herufi B, jamani. Mimi najua nilichoandika kwenye C.

Naombeni msinicheke. Na wewe ambaye kweli unaitwa Juma, ukipita Igurwa siku hizi, pita upande wa pili wa barabara na ufunike maganda yako.